Baba wa malkia wa China: mahari, magoti na hatari ya kuwa mkwe wa kaisari

Swali la msomaji: "Nafuatilia tamthilia za Kichina zilizotiwa sauti za Kiswahili. Karibu kila moja ina baba wa malkia: mzee mwenye ndevu, waziri mkuu, anayepanga njama kila kipindi. Je, katika historia ilikuwa hivyo kweli? Mtu huyo alipata nini hasa binti yake akishatawazwa? Alimwona vipi? Na mbona kila mara ukoo wake unaishia kuchinjwa wote?"

Jibu fupi ni kwamba wazee wa namna hiyo walikuwepo, ila ni wachache, na wengi wao walipata nguvu hizo baada ya mkwe wao kufa. Hapo ndipo tamthilia zinapochanganya mambo. Kaisari akiwa mtu mzima, mwenye akili zake na afya yake, baba mkwe ni mtu wa kupewa tu: anapewa cheo, fedha, nguo na baadaye kaburi zuri. Kaisari akifa na kuacha mtoto mdogo kitini, yule binti anakuwa malkia mama, maamuzi yanatoka kwa jina lake, na mtu wa kwanza anayemwita kumsaidia ni baba yake au kaka yake. Hapo mzee anakuwa mtawala, au anakuwa maiti. Mara nyingi alikuwa vyote viwili, kimoja baada ya kingine.

Tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. Malkia hapa ni huanghou, mke mmoja aliyetawazwa rasmi kwa hati na muhuri wake. Masuria wa kaisari waliweza kufika makumi, na baba zao walipata vijicheo, lakini fungu kubwa lilikuwa la baba wa huyu mmoja. Sheria hiyo ilivunjwa mara chache. Kaisari Xuan wa utawala wa Zhou ya Kaskazini alifika mwaka 580 akiwa na malkia 5 kwa wakati mmoja, na mmoja wa wakwe zake hao alimzika kisha akachukua nchi. Huyo tutarudi kwake.

Watu wengi hudhani mzee anapanda cheo siku ya harusi, mapambo na ngoma vikiwa barabarani. Harusi za aina hiyo zilikuwa adimu. Kaisari wengi walioa wakiwa bado wana wa mfalme, kisha mke akapanda pamoja na mumewe; wengine walimpandisha suria aliyekuwa tayari ndani. Chukua utawala wa Qing, uliokaa Beijing kuanzia 1644 hadi 1912: makaisari walioozwa malkia wakiwa tayari kitini ni 4 tu. Shunzhi aliozwa mara mbili, 1651 na 1654. Kisha Kangxi 1665, Tongzhi 1872 na Guangxu 1889. Wote walikuwa wamerithi kiti wakiwa watoto, ndiyo maana harusi iliwakuta humo.

Matokeo yake ni kwamba baba wa malkia wengi walikuwa wamekwisha kufa siku ya kutawazwa. Wu Shihuo, mfanyabiashara wa mbao kutoka Wenshui aliyemuunga mkono mwanzilishi wa utawala wa Tang mwaka 617, alifariki mwaka 635. Binti yake, ambaye dunia inamjua kwa jina la Wu Zetian, akawa malkia mwaka 655, miaka 20 baadaye. Vyeo vikamfuata mzee kaburini, kimoja juu ya kingine, na mwaka 690 binti alipojitangaza mwenyewe kuwa kaisari, muuza mbao naye akatangazwa kaisari, marehemu kwa miaka 55.

Dugu Xin ana kisa cha ajabu zaidi. Mabinti zake watatu walipata hadhi ya malkia katika tawala tatu tofauti: Zhou ya Kaskazini mwaka 558, Sui mwaka 581, na Tang mwaka 618, huyu wa mwisho akiwa mama mzazi wa kaisari aliyepewa heshima hiyo baada ya kufa. Baba hakuona hata mmoja. Mwaka 557 alilazimishwa kujiua na Yuwen Hu, aliyekuwa ameshika hatamu za nchi. Kilichobaki chake ni muhuri uliopatikana mwaka 1981 huko Xunyang, mkoani Shaanxi. Umechongwa kutoka jiwe jeusi jepesi la jamii ya makaa ya mawe, una kimo cha sentimita 4.5, unaenea kiganjani, na una nyuso 26: miraba 18 na pembetatu 8. Miraba 14 imechorwa maandishi. Upande mmoja ni wa kutia alama kwenye barua kwa kaisari, mwingine wa barua za kawaida, mwingine wa amri za kijeshi, mwingine una neno moja tu: siri. Mtu huyo alikuwa jemadari na gavana kabla mabinti zake hawajafika popote. Ukiuangalia muhuri huo unaelewa kwa nini kaisari walitaka kuoa nyumba kama yake, na kwa nini waliiogopa.

Sasa, mzee akiwa hai, anapata nini? Wakati wa utawala wa Han (206 K.K. hadi 220 B.K.) kitu kikuu kilikuwa cheo cha hou. Cheo hicho kilihesabiwa kwa kaya: mwenye nacho alikula ushuru wa idadi fulani ya kaya katika eneo alilotajiwa, ingawa hakuwatawala watu wake kama mfalme. Kisha kulikuwa na mahari, na mahari ya malkia haikuwa mchezo. Mwaka wa 3 B.K., Wang Mang alipokuwa akimwoza binti yake kwa kaisari Ping, desturi ilitaka atolewe jin 20,000 za dhahabu, yaani sarafu milioni 200. Jin ya Han ni kama robo kilo, kwa hiyo tunazungumzia takriban tani 5. Wang Mang akakataa kwa unyenyekevu mkubwa, akapokea milioni 40 tu, na katika hizo akagawa milioni 33 kwa familia za wasichana 11 waliomsindikiza binti yake kuingia jumbani. Alikataa pia ardhi aliyoongezewa huko Xinye. Watu walimsifu mno. Mkwe alifariki mwaka wa 6 akiwa bado kijana, na mwaka wa 9 Wang Mang akakalia kiti mwenyewe. Mtu anayeikataa mahari kubwa namna hiyo, mchunguze.

Qing, miaka 1,700 baadaye, waliandika mahari kitu kwa kitu. Hatua ya kwanza, nacai, ilikuwa farasi 10 na matandiko yao, deraya 10, majora 100 ya hariri na 200 ya kitambaa cha kawaida. Deraya na farasi ni ukumbusho kwamba Wamanchu, wenye utawala huo wa Qing, walikuwa watu wa vita vya farasini. Msichana hakuwa na haja nazo. Hatua ya pili, dazheng, ndiyo yenye uzito: dhahabu wakia 200, fedha wakia 10,000, vyombo vya chai vya dhahabu na fedha, majora 1,000 ya hariri, na farasi 60, wa kutandikwa 20 na wa wazi 40. Wakia ya Kichina ni kama gramu 37. Kisha linakuja fungu la wazazi, ambalo msomaji wa pwani atalitambua mara moja kuwa ndiyo kilemba na mkaja: dhahabu wakia 100, fedha wakia 5,000, majora 500 ya atlasi na 1,000 ya kitambaa, farasi 6 na matandiko, deraya moja, upinde mmoja na podo la mishale, nguo rasmi za baraza za kiangazi na za kipupwe, na makoti ya manyoya. Kwa hesabu ya kilo, wazazi walipata dhahabu kama 3.7 na fedha kama 186.

Kaisari hakwenda kumchukua bibi harusi. Alituma wajumbe wenye fimbo ya mamlaka. Mzee alipiga magoti nje ya lango la nyumba yake mwenyewe kuwapokea, zawadi zikapangwa, kisha akageukia upande liliko jumba na kusujudu: magoti mara 3, kichwa chini mara 9. Alikuwa anakishukuru kiti, maana mkwe mwenyewe hakuwepo. Pamoja na hayo alipewa cheo cha Cheng'en gong, ambacho maana yake ni gong (cheo cha juu cha heshima) aliyepokea hisani. Jina lenyewe linakueleza nafasi yake: hukupigania wala hukusomea, ulipokea.

Kuhusu kumwona binti, hapa ndipo adabu za Kichina zilipopata taabu ya kweli. Baba ndiye mkubwa nyumbani, na mtoto kumsujudia mzazi ni msingi wa kila kitu. Lakini malkia ni mke wa Mwana wa Mbingu, na kila raia ni chini yake, baba yake akiwemo. Nani apige magoti? Mwishoni mwa Han suala hili liliwakalisha wanazuoni chini kwa ajili ya mtu mmoja, Fu Wan, na mjadala wa kisomi ukafanyika kweli, mwanazuoni mkubwa wa zama hizo Zheng Xuan akiwa miongoni mwa waliotoa maoni. Desturi iliyoelezwa ni hii: Fu Wan akiwa katika baraza la hadhara alimsujudia binti yake kama maofisa wengine; binti akiwa nje ya jumba kuu, mahali pa faragha, yeye ndiye aliyemsujudia baba. Magoti yalifuata mahali mlipo.

Mama alikuwa na njia rahisi zaidi. Mwanamke aliweza kuingia sehemu ya ndani ambayo mwanamume, hata akiwa baba, haingii bila kuitwa. Ndiyo maana njama nyingi zinazohusishwa na baba, ukizifuatilia, zilipita kwa mama. Mfano mzuri, na mchungu, uko katika kisa kifuatacho, ambacho nakiona bora kuliko tamthilia yoyote kwa sababu baba watatu wa malkia wanapishana ndani ya jumba moja kwa miaka isiyozidi 25.

Wa kwanza ni Shangguan An. Mwaka 83 K.K. binti yake alitawazwa kuwa malkia wa kaisari Zhao. Msichana alikuwa na miaka 6 kwa hesabu ya Kichina, na kaisari mwenyewe hakuwa amefika hata 12. Nchi ilikuwa mikononi mwa wasimamizi, wakubwa wao wakiwa Shangguan Jie, baba wa An, na Huo Guang, baba wa mke wa An. Yaani mtoto huyo wa kike alikuwa mjukuu wa wote wawili. Shangguan An akapewa cheo cha hou, na kichwa kikamvimba. Historia rasmi ya Han inasimulia kwamba alikuwa akitoka kula jumbani anawaambia wageni wake kuwa amekunywa na mkwewe na imekuwa raha tupu. Na kwamba akiyaona mavazi ya mkwe, anatamani kutuma mtu nyumbani akachome vitu vyake vyote. Mkwe anayezungumziwa ni mtoto wa umri wa shule ya msingi. Mwaka 80 K.K. baba na mwana wakashtakiwa kwa njama ya kumwua Huo Guang na kumwondoa kaisari, wakauawa pamoja na ukoo. Malkia mdogo aliachwa kwa sababu mbili: umri wake, na babu yake wa upande wa mama.

Wakati wa msako, ofisa mdogo mmoja aliyehasiwa alitumwa kupekua chumba cha kazi cha Shangguan Jie jumbani. Humo mlikuwa na kasha lililofungwa, limejaa maelfu ya kamba za urefu wa kufungia watu. Ofisa hakuliona. Mwingine akaingia baada yake, akaliona. Aliyeshindwa kuona alihukumiwa kazi ngumu ya kuni, kisha akapelekwa kuwa msimamizi mdogo wa chumba cha nguo katika sehemu ya pembeni ya jumba, mahali ambapo wanawake wa jumbani waliougua au kukosa nao walifungiwa.

Jina lake Xu Guanghan, na ndiye baba wa pili. Hata kuhasiwa kwake kulitokana na kosa la kijinga. Katika msafara wa kaisari Wu kwenda kasri la Ganquan, alichukua tandiko la mwenzake kwa makosa na kuliweka juu ya farasi wake. Kosa hilo lilihesabiwa kuwa wizi mbele ya kaisari, adhabu yake kifo; akaruhusiwa kuhasiwa badala yake. Bahati nzuri binti yake alikuwa ameshazaliwa.

Katika makazi yale ya pembeni alikaa jirani na kijana aitwaye Liu Bingyi, kitukuu wa kaisari Wu, ambaye familia yake iliangamizwa mwaka 91 K.K. alipokuwa mchanga. Msimamizi wa makazi, Zhang He, alimpenda kijana huyo na alitaka kumwoza mjukuu wake, lakini ndugu yake aliyekuwa na cheo serikalini akawaka: kijana huyu hana mbele wala nyuma. Basi Zhang He akasikia kwamba Xu Guanghan ana binti, Pingjun, ambaye mchumba wake amekufa harusi ikikaribia. Akamwalika Guanghan kwenye kilevi, na kilipokolea akamweleza habari ya kijana: ni damu ya kaisari, hata akiwa duni kiasi gani hakosi kicheo. Guanghan akakubali. Kesho yake mkewe alipopata habari alikasirika sana, kwa kuwa mpiga ramli alikuwa amemwambia binti huyu atakuwa mkubwa. Mzee akashikilia neno lake, ndoa ikapita, mtoto wa kiume akazaliwa. Miezi michache baadaye, mwaka 74 K.K., kaisari Zhao alifariki bila mtoto, aliyewekwa badala yake akaondolewa baada ya siku 27, na Huo Guang akamchukua kijana asiye na mbele wala nyuma akamweka kitini. Ni kaisari Xuan.

Kila ofisa alijua malkia anayetarajiwa ni binti mdogo wa Huo Guang. Kaisari akatoa tangazo kwamba anatafuta upanga wake wa zamani, ule aliokuwa nao enzi za umaskini. Maofisa wakaelewa fumbo, Pingjun akatawazwa. Lakini baba yake je? Kwa desturi alistahili kuwa hou. Huo Guang akakataa: mtu aliyekatwa kwa hukumu hawezi kupewa eneo. Guanghan akakaa zaidi ya mwaka mmoja bila kitu, kisha akapewa cheo cha chini cha jun. Msomaji aliyezoea tamthilia aone hapo: baba wa malkia, binti yake yuko kitini na mkwe anampenda mkewe, bado mtu mwingine ndiye anayeamua atakula nini.

Mwaka 71 K.K. Pingjun alipokuwa amejifungua, mke wa Huo Guang, Xian, alimtumia tabibu wa kike aitwaye Chunyu Yan. Huyu alisaga mzizi wa sumu wa fuzi na kuuchanganya na vidonge vya mzazi. Malkia alilalamika kichwa kimekuwa kizito, akauliza kama dawa ina sumu, akaambiwa hapana, akafa. Huo Guang aliambiwa na mkewe baadaye. Alishtuka, kisha akalifunika. Mwaka 70 binti yake Chengjun akatawazwa, na hivyo Huo Guang akawa baba wa tatu. Alifariki mwaka 68 K.K. kwa amani na kuzikwa karibu kama kaisari.

Ukoo wake ulidumu miaka miwili. Xian na mabinti zake waliingia na kutoka jumbani mchana na usiku bila utaratibu, na hilo peke yake lilitosha kuwachosha watu. Mwaka 67 kaisari alimtangaza mtoto wa marehemu Pingjun kuwa mrithi. Xian, wanasema waandishi wa historia, alisusa chakula na kutapika damu kwa hasira. Akamwagiza binti yake amwekee mtoto sumu. Malkia alimwita mtoto mara kadhaa kumpa chakula, lakini kila mara yaya alionja kwanza. Mwaka 66 kila kitu kikafichuka, ukoo wa Huo ukaangamizwa na maelfu ya familia wakaburutwa nao.

Na Xu Guanghan? Siku mjukuu wake alipotangazwa mrithi, alipewa hatimaye cheo cha hou wa Ping'en, na miaka michache baadaye ndugu zake wawili nao wakapata vyeo hivyo. Alifariki kitandani mwaka 61 K.K. Kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume, cheo kikakatika kwa muda, lakini kaya 300 ziliwekwa kutunza kaburi lake. Huyu hakuwa na jeshi, hakuwa na watoto wa kiume wa kugombania vyeo, hakuwa na cha kumtisha mtu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu hakuguswa, na makaisari wa baadaye walilisoma somo hilo vizuri, kama tutakavyoona.

Ulichouliza kuhusu ukoo mzima kuchinjwa kina sababu ya kisheria na sababu ya kiutendaji. Kisheria, uhaini ulihukumiwa kwa familia, si kwa mtu. Kiutendaji, baba wa malkia hakutawala peke yake: aliweka wana na wapwa zake kwenye vikosi vya walinzi na malango. Ukimwondoa yeye ukawaacha hao, umejitafutia kisasi chenye silaha. Na mara nyingi kilichomwangusha kilikuwa kitu kidogo. Dou Wu alitawala kwa jina la binti yake baada ya kaisari Huan kufariki, akamweka kitini mtoto wa miaka 12, na mwaka 168 alitaka kuwaua matowashi wakuu. Akapeleka ombi la maandishi kwa malkia mama, kisha usiku huo akaenda kulala nyumbani. Towashi mmoja akaifungua karatasi, akasoma majina, akawaamsha wenzake. Wakamchukua kaisari mtoto na mihuri, yaani wakachukua sheria upande wao. Asubuhi majeshi mawili yalitazamana, na askari wa Dou Wu wakaanza kuhama kidogo kidogo. Ulipofika wakati wa chakula cha asubuhi alibaki karibu peke yake. Akajiua.

Fu Wan yule wa magoti alijihadhari na kosa hilo, lakini karatasi ikamfuata hata hivyo. Cao Cao alikuwa ameishika nchi, kaisari Xian akawa mfungwa wa heshima. Fu Wan alirudisha muhuri wake wa ujemadari na kuomba kazi ndogo isiyo na askari. Binti yake alipomwandikia barua kumweleza ukatili wa Cao Cao na kumtaka afanye njama ya siri, hakuthubutu. Alifariki mwaka 209. Barua ikajulikana mwaka 214: malkia akatolewa alikojificha ndani ya ukuta, akauawa, wanawe wawili wakapewa sumu, na zaidi ya watu 100 wa ukoo wakauawa. Mwaka uliofuata Cao Cao alimweka binti yake mwenyewe kuwa malkia.

Aliyefaulu moja kwa moja ni Yang Jian, mmoja wa wakwe wa yule kaisari wa malkia 5. Kaisari huyo alikuwa mtu wa hasira, na aliwahi kumwambia mkewe, binti wa Yang Jian, kuwa ataufuta ukoo wao wote. Akamwita mzee, akawaagiza watu wake: akibadilika uso tu, muueni. Yang Jian akaingia, uso uleule, akatoka hai. Mwaka 580 kaisari alifariki akiwa na umri wa miaka 20 na kidogo. Maofisa wawili wa ndani walighushi amri ya kumwita Yang Jian asimamie utawala, na mwaka 581 akakalia kiti na kuanzisha Sui. Binti yake, Yang Lihua, hakumsamehe. Baba alimpa cheo cha binti mfalme na akataka kumwoza tena. Alikataa mpaka baba akaacha kumshurutisha.

Baada ya visa kama hivi, Ming (1368–1644) walichukua njia ya Xu Guanghan na kuifanya sera: wake wa kaisari watoke katika familia za watu wa kawaida, wasitoke kwa mawaziri wala majemadari. Ilifanya kazi. Hakuna baba wa malkia aliyenyakua kiti cha Ming. Tatizo likageuka kuwa la ulafi: mtu aliyekuwa na duka au shamba dogo anaamka akiwa na cheo cha bo (kilicho chini ya hou) au cha hou, na kwa kuwa hana kazi ya serikali, anajishughulisha na ardhi za watu. Mwaka 1529 kaisari Jiajing alikata urithi wa vyeo hivyo. Wa mwisho wao, Zhou Kui, ndiye anayekumbukwa. Mwaka 1644 waasi walipokaribia Beijing na hazina ikiwa tupu, kaisari Chongzhen alimtuma towashi Xu Gao kumwomba baba mkwe aanze kuchangia ili wengine waige. Zhou Kui akasema hana. Towashi akalia kwa hasira, akasema ikiwa baba wa malkia ndiye huyu, nchi imekwisha. Hatimaye akaahidi wakia 10,000, tena akamwomba binti yake amsaidie kuzilipa. Binti alijiua mji ulipoanguka, mwezi Aprili mwaka huohuo, na kaisari pia. Mzee alikuwa hai. Waasi waliipekua nyumba yake na kutoa mali nyingi kuliko alizodai kuwa nazo.

Qing walichanganya yote: waliruhusu familia kubwa za vikosi vya bendera (makundi ya kijeshi ya Wamanchu na washirika wao), lakini cheo kikabaki cha hisani. Chongqi, Mmongolia, alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa mwisho wa kifalme mwaka 1865, jambo ambalo hakuna mtu wa bendera za Kimongolia aliyewahi kulifanya. Mwaka 1872 binti yake alitawazwa kuwa malkia wa Tongzhi. Familia ikahamishwa kutoka bendera ya Kimongolia kwenda bendera ya juu ya Kimanchu, na Chongqi akawa Cheng'en gong mwenye elimu yake mwenyewe. Tongzhi alifariki tarehe 12 Januari 1875. Hakuacha mtoto, na mama yake, Cixi, alikuwa hai na mwenye nguvu, kwa hiyo nafasi ya kuwa malkia mama mtawala haikuwepo kwa yule binti. Alifariki siku 74 baada ya mumewe. Baba akaendelea kutumikia nje ya mji mkuu, Rehe kisha Shengjing, akarudi kuwa waziri. Majeshi ya kigeni yalipoingia Beijing mwaka 1900 alikimbilia Baoding. Huko zikamfikia habari kwamba mkewe alikuwa amechimbisha shimo ndani ya uwanja wa nyumba yao na kuingia humo na watoto na wajukuu. Alijinyonga katika chuo cha Lianchi, akiwa bado na cheo alichopewa kwa ajili ya binti aliyekufa miaka 25 kabla yake.